Chaja isiyo na waya inapogoma: dalili, chanzo, na umbali ambao umeme haufiki

Chaja isiyo na waya ikisumbua, watu husema mara moja kwamba pedi, yaani kile kisahani cha kulazia simu, imekufa au wameuziwa feki. Feki zipo, tena nyingi. Lakini ukikagua kwa utaratibu utakuta matatizo mengi yana mizizi miwili tu: nafasi iliyopo kati ya koili (waya uliozungushwa duara) ya pedi na koili ya simu, na umeme unaopotea njiani ukageuka joto. Ukiielewa hiyo miwili, hutatupa pedi nzima wala hutamlipa fundi kwa kazi isiyohitajika.

Kwanza, kinachotokea. Ndani ya pedi kuna koili bapa ya waya wa shaba. Mkondo geu, unaokwenda na kurudi kiasi cha mara 100,000 hadi 200,000 kwa sekunde, hupita humo na kuzalisha uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi hiyohiyo. Koili ya pili iliyo mgongoni mwa simu, ikiwa ndani ya uga huo, huzaa umeme wake yenyewe. Ni kanuni ambayo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831, na ndiyo inayoendesha transfoma iliyo juu ya nguzo mtaani kwako. Tofauti ni kwamba transfoma ina kiini cha chuma kinachoubeba karibu uga wote kutoka koili moja hadi nyingine. Pedi na simu hazina daraja hilo. Kati yake kuna plastiki, kioo na hewa.

Sasa tazama jinsi uga unavyopungua. Chukua koili yenye kipenyo cha sentimita 4. Ukisogea juu yake milimita 5, uga bado ni asilimia 91 ya ule ulio katikati ya koili. Ukifika sentimita 2, umebaki asilimia 35. Sentimita 4, asilimia 9. Ukifika mita moja, imebaki sehemu moja katika 125,000. Na nguvu inayoweza kupokelewa hufuata mraba wa uga, kwa hiyo ile asilimia 35 ni kama asilimia 12 tu ya nguvu. Kipenyo cha koili ndicho rula yako: ndani ya sehemu ndogo ya kipenyo hicho kazi inafanyika vizuri, nje ya kipenyo kizima usitegemee kitu. Shika hilo, tutalirudia.

Simu imelazwa, hakuna kinachotokea

Anza na swali ambalo wengi wanaliruka: je, simu hiyo ina koili? Simu nyingi za bei ya chini na ya kati hazina. Infinix waliweka kuchaji bila waya kwenye Note 30 Pro mwaka 2023 na kwenye simu kadhaa za familia ya Note 40 mwaka 2024, lakini simu nyingi za bei hiyo bado hazina. Mgongo wa kioo au plastiki ni lazima uwepo, kwa sababu alumini huzuia uga. Ndiyo maana iPhone 8 na iPhone X za mwaka 2017, za kwanza za Apple kuchaji bila waya, zilitoka na mgongo wa kioo. Hata hivyo, kioo peke yake si ushahidi. Tafuta neno Qi, jina la kiwango cha pamoja cha kuchaji bila waya, kwenye sifa za modeli yako kamili, herufi kwa herufi na namba kwa namba, maana simu mbili zinaweza kuitwa jina karibu moja na moja tu ndiyo yenye koili.

Kama koili ipo, vua kava. Kava la silikoni la milimita 2 halina neno. Kava la ngozi lenye mfuko wa kadi, lile gumu la kuzuia kupasuka, au pete ya kushikia kwa kidole, vyote vinainua simu kutoka kwenye pedi. Ukiongeza na unene wa plastiki ya pedi na kioo cha simu, umeshatumia nafasi yote uliyokuwa nayo.

Kwa madereva, adui mkubwa ni kile kibati chembamba cha chuma kinachobandikwa mgongoni mwa simu, au kufichwa ndani ya kava, ili simu ishikwe na sumaku ya dashibodi. Uga wa pedi ukikipiga, unazalisha mikondo inayozunguka ndani ya chuma chenyewe, na mikondo hiyo huupinga uga ulioizaa. Koili iliyo nyuma yake haiambulii kitu na kibati kinapata moto. Unene hauhitajiki: kwa masafa haya (idadi ya mitetemo kwa sekunde) uga hudhoofika sana ndani ya robo tu ya milimita ya alumini. Bandua kibati, weka simu tena. Mara nyingi shida inaishia hapo.

Ikiwa simu iko uchi na bado kimya, angalia taa ya pedi. Pedi haimwagi nguvu muda wote. Hutuma mipigo mifupi na kusikiliza. Simu hupata umeme kidogo kutoka kwenye mpigo, saketi yake ya kupokelea huamka, kisha hujibu kwa kubadilisha mzigo wake, na pedi huyahisi mabadiliko hayo kwenye koili yake. Katika Qi ya kawaida hakuna Bluetooth inayohusika. Mazungumzo yanapita ndani ya uga uleule unaobeba nguvu. Faida yake ni kwamba hata simu iliyozimika kwa kuishiwa chaji inaweza kujibu. Kwa hiyo usikimbilie kusema betri imekufa. Isogeze simu taratibu, milimita chache kila upande, na usubiri sekunde mbili tatu kila mahali ili mpigo upite.

Inaanza, inakata, inaanza tena

Hapa kuna wahusika watatu. Wa kwanza ni mkao. Koili ya simu haiko lazima katikati ya mgongo. Simu nyingi zenye kamera kubwa huwa nayo chini kidogo. Simu iliyowekwa nje ya kitovu kwa sentimita moja hupokea nguvu pungufu, huomba zaidi, pedi huongeza mpaka ifike kikomo chake, kisha inakata. Mtetemo wa jumbe zinazoingia usiku pia huisukuma simu polepole hadi itoke kwenye kitovu, na asubuhi unaikuta asilimia 40. Zima mtetemo au tumia pedi yenye sumaku. Kiwango cha Qi2, kilichotoka mwaka 2023, kiliweka duara la sumaku hasa kwa ajili ya kuondoa tatizo hili la mkao.

Wa pili ni kitu kigeni. Simu huiambia pedi imepokea wati ngapi, na pedi inajua imetoa ngapi. Tofauti ikizidi kiasi, pedi inahesabu kwamba kuna chuma kinachokula umeme katikati, na inakata. Tafuta ufunguo, sarafu, karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, klipu. Usikasirikie ulinzi huu: wati 3 zikiingia kwenye sarafu ndogo zinatosha kuifanya iunguze kidole. Kadi za benki nazo zitoe kabisa. Zile za kugusisha zina koili ndogo ya kwao ndani, na haikutengenezwa kukaa juu ya chanzo cha nguvu kama hiki.

Wa tatu ni kichwa cha chaja. Ukiona pedi inawaka, simu inaonyesha alama ya kuchaji, baada ya sekunde chache vyote vinazima kisha vinarudi, na mzunguko huo unafuata mpangilio uleule, hapo mkao hauna kosa. Kichwa ni dhaifu: volti zinaanguka pedi inapoomba nguvu, pedi inajizima, volti zinapanda, pedi inaamka. Badilisha kichwa na waya wa USB kabla hujabadilisha pedi.

Inachaji, lakini polepole mno

Ukiwa na kipima USB, kile kidude kinachochomekwa kati ya kichwa na waya kikaonyesha volti na ampea, tatizo hili linamalizwa kwa dakika moja. Kikisoma volti 5 na ampea 1, pedi inapata wati 5. Kwa ufanisi wa asilimia 70 simu inapokea wati 3.5. Betri ya 4,500 mAh ina kama Wh (wati-saa) 17, kwa hiyo hesabu inakupa saa 5 hivi, skrini ikiwa imezimwa. Ukitazama video wakati huohuo, nusu ya hizo wati 3.5 inaweza kuliwa na simu yenyewe.

Pedi iliyoandikwa wati 15 inahitaji kichwa kinachotoa zaidi ya hapo, kwa kawaida volti 9 na ampea 2 au zaidi, kwa mfumo ambao pedi na kichwa vyote vinauelewa. Pedi nyingi huuzwa bila kichwa, mnunuzi anachomeka kile cha simu ya zamani, halafu lawama zinaangukia pedi. Kumbuka pia kwamba simu yenyewe ina kikomo: Qi ya msingi ni wati 5, daraja la juu yake ni wati 15, na kasi kubwa kuliko hizo hutegemea simu na pedi kukubaliana. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni uwezo wa pedi tu, na simu yako ndiyo inayoamua itachukua ngapi.

Simu inapata moto, au inagoma ikifika asilimia 80

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo betri zinapouawa.

Tuseme ukutani zinatoka wati 10 na betrini zinafika 7. Wati 3 hazijapotea hewani, zimekuwa joto. Sehemu yake iko kwenye koili ya pedi, sehemu kwenye koili ya simu, sehemu kwenye saketi inayogeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, na sehemu kwenye bamba jembamba la feraiti (kauri inayoongoza uga wa sumaku) lililowekwa nyuma ya koili ili uga usivamie betri na bodi. Katika kuchaji kwa waya joto kubwa la kugeuza umeme linabaki kwenye kichwa, mbali na simu. Bila waya, umeiweka simu juu ya kitu chenye joto na ukawasha chanzo kingine cha joto mgongoni mwake, sentimita chache au milimita chache kutoka kwenye betri.

Apple wanashauri simu zao zitumike kwenye mazingira ya nyuzi 0 hadi 35. Chumba kisicho na feni Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili kinakaribia 32 kabla hujachaji chochote. Hapo simu haina pa kutolea joto. Programu yake ikihisi betri imevuka kiwango, inapunguza nguvu, na mara nyingi inasimama kwenye asilimia 80 mpaka ipoe. Mtumiaji anaona kasoro; simu inajilinda, na ina haki. Betri ya lithiamu iliyojaa na yenye joto huzeeka haraka kuliko ile iliyo nusu na baridi.

Tiba ni za kawaida. Vua kava wakati wa kuchaji. Sogeza pedi mbali na dirisha lenye jua, na usiiweke juu ya godoro au kitambaa. Elekeza feni. Chagua wati 5 usiku badala ya 15, maana usingizi wako unatosha kwa mwendo huo. Ndani ya gari lililoegeshwa juani usiitumie kabisa kabla kiyoyozi hakijashusha joto. Na usiweke simu yenye moto kwenye friji: mvuke hugeuka maji ndani yake.

Ikiwa simu ni baridi lakini pedi ndiyo inaunguza, hata bila simu juu yake, chomoa uiache. Pedi iliyo peke yake inapaswa kutuma mipigo tu na kubaki vuguvugu au baridi. Hiyo ina hitilafu ndani na haifai kulala nayo chumba kimoja.

Wenye sola ndogo wafanye hesabu ya ziada. Kujaza zile Wh 17 kwa waya kwa ufanisi wa asilimia 85 kunachukua Wh 20. Bila waya kwa asilimia 65 ni Wh 26. Kwenye umeme wa gridi tofauti hiyo haionekani kwenye tokeni. Kwenye paneli ya wati 10 siku ya mawingu, ni taa ya usiku ya mtoto anayesoma. Nyumbani kwenye sola, tumia waya.

Iliacha kuchaji baada ya kubadilishwa kioo cha nyuma

Dalili hii inanigusa kwa sababu tiba yake ni rahisi na watu wanaambiwa bodi imeungua. Katika simu nyingi koili ya kuchajia na antena ya NFC (mawasiliano ya kugusisha, kama ya kulipia kwa simu) zimekaa kwenye utepe mmoja mwembamba mweusi, uliobandikwa juu ya betri na kugusana na bodi kupitia vipini vidogo vya dhahabu. Fundi akiubandua kwa joto kupita kiasi, utepe unakunjika au kupasuka. Akirudisha bila kukaza skrubu za bamba linaloukandamiza, vipini havigusi.

Kipimo cha haraka: washa NFC, gusisha kadi ya kugusisha mgongoni mwa simu. Kama NFC nayo imekufa, na ilikuwa inafanya kazi kabla, shaka iende kwenye utepe na vipini. Kama NFC iko sawa, angalia kama kioo kipya ni kinene kuliko cha awali, kama kuna gundi iliyorundikana, au kama feraiti ya koili imevunjika. Feraiti huvunjika kama kigae. Ikipasuka vipande, simu inaweza bado kuchaji, ila kwa moto mwingi na nguvu kidogo. Mwambie fundi akuonyeshe utepe kabla ya kufunga. Utepe mpya ni bei ndogo sana ukilinganisha na bodi.

Koili nilizotengeneza mwenyewe haziwashi taa

Hii ni kwa wanafunzi wanaoandaa maonyesho ya sayansi, na napenda sana wanapojaribu. Saketi ya transista moja, koili mbili na taa ya LED huwagomea wengi kwa sababu zilezile.

Waya wa shaba wa mota umepakwa vanishi. Usipoikwangua kwenye ncha kwa wembe au msasa mpaka shaba ing'ae, hakuna mkondo unaopita hata kama umesokota vizuri. Kosa la pili ni koili ya kurudisha ishara kwenye transista kuunganishwa kinyume: transista inapata moto, LED haiwaki, hakuna mtetemo unaozalishwa. Badilishana ncha mbili za koili hiyo. Kosa la tatu ni kutumia sumaku na betri bila mtetemo wowote, baada ya kuona video za "umeme wa bure". Sumaku iliyotulia haizai umeme kwenye koili iliyotulia. Lazima uga ubadilike.

Ukitaka kwenda mbali zaidi ya sentimita moja mbili, koili zote mbili zitetemeke kwa masafa mamoja. Koili ya mikrohenri 24 pamoja na kapasita ya nanofaradi 100 zinakaa karibu na kHz 103, yaani mitetemo 103,000 kwa sekunde. Upande wa pili ukiwa na kapasita ya thamani tofauti, zinapishana na nguvu haihami. Tafuta kapasita za filamu. Zile za kauri za bei rahisi hubadilika thamani zikipata joto au volti.

Kisha kuna diodi, kijenzi kinachoruhusu mkondo kupita upande mmoja tu. Wengi hung'oa 1N4007 kwenye chaja mbovu. Diodi hiyo ilitengenezwa kwa umeme wa ukutani wa mitetemo 50 kwa sekunde. Kwenye 100,000 haiwahi kufunga, mkondo unarudi nyuma, na diodi inaungua. Tumia ya aina ya Schottky, kama 1N5819. Na usichomeke simu moja kwa moja: koili ya kupokea isiyo na mzigo inaweza kutoa volti 20 au zaidi. Weka kidhibiti volti (regulator) cha volti 5 kwanza, upime kwa mita, ndipo ufikirie simu.

Nataka ichaji nikiwa ng'ambo ya chumba

Swali hili huja kama hitilafu, "pedi yangu haifiki mbali", na jibu liko kwenye ile rula. Mwaka 2007 kundi la Marin Soljačić huko MIT, Marekani, liliwasha balbu ya wati 60 kwa umbali wa mita 2 kwa ufanisi wa asilimia 40 hivi. Koili zao zilikuwa na kipenyo cha sentimita 60, pande zote mbili, zikitetemeka kwa masafa yaliyolingana kwa makini. Umbali ulikuwa zaidi ya mara 3 ya kipenyo, na ni mafanikio makubwa. Lakini hakuna mfuko wa suruali unaobeba koili ya sentimita 60.

Basi tutumie mawimbi ya redio? Kwa boriti, yaani mawimbi yaliyoelekezwa upande mmoja, umbali unawezekana ukiwa na antena kubwa. Mwaka 1975, Goldstone katika jangwa la Mojave, California, William C. Brown na wenzake walituma maikrowevu kutoka sahani yenye kipenyo cha mita 26 na kupokea zaidi ya kilowati 30 umbali wa kilomita moja na nusu. Punguza antena ifike sentimita 30 ya kutundika ukutani, kwa wimbi la sentimita 12, na boriti inatanuka kama mwanga wa kurunzi: mita 5 mbele doa lake lina upana wa mita 2 au zaidi. Simu ni sehemu ndogo mno ya doa hilo. Kilichobaki kinakupiga wewe, ukuta na kiti.

Wi-Fi ndiyo kabisa. Ruta ya miliwati 100, kwa antena za kawaida, hufikisha umbali wa mita moja karibu mikrowati 10. Pedi ya kawaida hutoa mara 500,000 ya hiyo. Programu inayodai kuchaji simu kwa Wi-Fi ya jirani inachukua data zako, haichaji.

Na hata ukijenga antena bora, kuna ukuta wa usalama. Mwongozo wa ICNIRP (tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi kama ya redio) kwa umma, kwa mawimbi ya aina hii, ni wati 10 kwa mita ya mraba. Mgongo wa simu una sentimita za mraba 105 hivi. Ili upokee wati 5, mawimbi yanayoufikia lazima yawe wati 476 kwa mita ya mraba, karibu mara 48 ya kikomo, na mkono wako ukiwa hapohapo. Ukikaa ndani ya kikomo, simu inapata wati 0.1. Hiyo inatosha kuendesha kihisi cha halijoto kinachotuma ripoti mara chache kwa saa. Betri ya Wh 17 ingehitaji siku 7 kujaa, simu ikiwa imezimwa muda wote na haijasogezwa kutoka kwenye boriti.